Utani Uliorekodiwa

Godeliva Irankunda alipoisikia sauti ya Luhende ikitoka kwenye kompyuta ya meneja, kitu cha kwanza alichofanya ni kucheka. Na hakucheka kidogo. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea, maana maneno yenyewe yalikuwa matamu, na Luhende alikuwa ameyasema kwa ile sauti yake ya puani anayoitunza kwa ajili ya misiba.

"Godeliva? Huyo mkimbizi?" sauti ilisema. "Mfungulieni tu, lakini mfungeni na kamba mguuni. Siku mkisinzia atakimbia na benki yenu mpaka Bujumbura. Hata baba yake tulimzika hapa bila kibali, mpaka leo serikali inamtafuta."

Ikafuata sauti ya msichana wa ofisi, laini kama mafuta ya nazi: "Asante kwa ushirikiano wako, mzee." Simu ikakatwa.

Godeliva alipofuta macho ndipo alipogundua kwamba anacheka peke yake. Sylvester, meneja wa tawi, alikuwa anaichunguza kalamu yake kana kwamba ameletewa leo. Vedasto, wakili, alikuwa anatazama feni. Stela, binti yake Godeliva, alikuwa anamtazama mama yake, na jicho lile halikuwa na mchezo.

Walikuwa Tabora mjini, kwenye ofisi ya Msafara Fedha, mahali ambapo ukiingia tu mashine inakupa namba na mlinzi anakwambia karibu kwa sauti ya kukufukuza. Godeliva alikuwa ameomba kufungua akaunti. Si mkopo, akaunti tu. Yeye ni mfuga nyuki wa Ulyankulu, na kwa mara ya kwanza tangu ashike mzinga alikuwa amepata mnunuzi wa maana, mtu anayechukua asali yote ya msimu bila kupima kwa kopo la rangi kama walanguzi wa barabarani. Sharti la mnunuzi lilikuwa moja: analipa benki, halipi mkononi. Basi Godeliva akaja na kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji, picha ambayo amenuna kama inavyotakiwa, na hata cheti chake cha uraia ambacho hakuna aliyekiomba. Akamwandika Luhende kuwa mdhamini wa kumtambulisha, kwa sababu akiulizwa ni nani anayemjua kuliko wote, jibu ni hilo.

Akajibiwa kwamba maombi yake hayakukidhi vigezo. Akauliza kigezo gani. Msichana wa dirishani akatabasamu. "Vigezo tu, mama." Akajaribu kwingine, na kule wakaangalia kioo cha kompyuta, wakanong'onezana, wakamwambia arudi kwanza alikotoka akasafishe jina. Ndipo Stela, ambaye ni mwalimu na hapendi kuambiwa "tu", alipomtafuta wakili. Vedasto akaandika barua ya kutishia mahakama, na Msafara Fedha wakawaita waje wasikilize sababu.

Sababu ndiyo hiyo waliyoisikiliza.

"Huo ni utani," Godeliva alisema, akijifunga kitambaa upya. "Luhende ni mtani wangu."

"Mama, mimi mwenyewe ni Mgogo," Sylvester alisema, na kwa haki alionekana mtu anayeumwa kidogo. "Utani naujua. Huyo mzee Mnyamwezi angenikuta msibani angenivua viatu na ningemshukuru. Ila mfumo hauujui. Mdhamini kaulizwa, mdhamini kasema mkimbizi, kasema kukimbia na hela. Mfumo umeandika utata wa uraia na mashaka ya uaminifu. Nikiwaandikia makao makuu kwamba ni utani, wataniuliza utani ni kifungu cha ngapi."

"Na cheti chake?" Stela aliuliza. "Cheti cha uraia umekiona?"

"Nimekiona, dada. Ni kizuri."

"Basi tutaonana mahakamani," Vedasto akasema, akafunga mkoba wake kwa mlio ambao bila shaka alikuwa ameufanyia mazoezi.

Sylvester akainuka kuwasindikiza. "Mkienda huko," alisema akiwa mlangoni, kwa sauti ya chini, "mjue kabisa, wanasheria wetu wataipiga hiyo sauti mbele ya watu."

Walikaa kwenye benchi la mama anayeuza chai upande wa pili wa barabara. Stela hakugusa kitumbua chake.

"Umecheka, mama. Wamekuita mkimbizi, ukacheka."

"Hawakuniita wao. Kaniita Luhende."

"Tofauti iko wapi? Neno si ni lile lile?"

Godeliva akapuliza chai. Tofauti aliijua mwili mzima, ila kuitoa mdomoni ilikuwa kazi. Wazazi wake walipotoka Burundi na kupewa msitu wa Ulyankulu waufyeke, walipewa majembe, walipewa mbegu, wakapewa na karatasi za kuruhusiwa kutoka kijijini kwenda mjini. Mtani hawakupewa. Mtani hagawiwi na serikali. Wanyamwezi walikuwa na watani wao tangu enzi za misafara, watu waliopishana nao njiani wakiwa na mizigo kichwani, wakagombana, wakala pamoja, wakazikana. Hao wageni wa Ulyankulu hawakuwa na mtu wa kuwatukana. Walisalimiwa vizuri tu, kwa heshima, na ile heshima ilikuwa inawaonyesha kila siku kwamba ni wageni.

Kisha mzee Tarsisi, baba yake Godeliva, akafa. Katekista ameshamaliza sala, jeneza linataka kuteremshwa, mara kijana mmoja Mnyamwezi, Luhende mwenyewe, fundi seremala aliyelichonga jeneza lenyewe, akaruka akaingia kaburini. Akalala chali. Akakunja mikono kifuani. "Hazikwi mtu hapa," akatangaza kutoka chini. "Marehemu ana kibali cha kutoka kijijini? Anasafiri kwenda wapi bila kibali? Nionyesheni muhuri." Watu waliduwaa. Kisha mjane, bibi Manirambona, mwanamke aliyekuwa hajatoa hata chozi tangu jana yake, akavua kiatu chake cha plastiki, akainama ukingoni, akakibamiza kwenye kiganja ambacho yule kijana alikuwa ameinuka kukinyoosha, kama mtu anayepiga muhuri, akasema, "Haya, kimegongwa. Toka, mpagazi." Makaburi yote yakaangua kicheko. Watu walicheka huku wanalia, na tangu siku ile familia ya Tarsisi ilikuwa na kwao.

Godeliva alimweleza Stela hayo, kwa mara ya kumi labda. Stela alisikiliza kwa adabu.

"Hadithi naipenda, mama. Lakini mimi nimezaliwa hapa. Nikiingia ofisi yoyote nikitaja Ulyankulu, napelekwa dawati la pili. Wenzangu wanamaliza wanaondoka, mimi nabaki dawati la pili nikiulizwa babu alitokea wapi. Leo jina lako limeandikwa utata. Kesho ni langu, kesho kutwa ni la mwanangu. Safari hii kuna mtu tunayeweza kumshitaki. Usiniangushe."

Na binti alikuwa anasema kweli.

Luhende walimkuta karakana kwake, akipiga randa mbao za mizinga. Umri ulikuwa umemtoa nywele ukamwachia mdomo. Ni fundi wa mizinga na majeneza, na kila anayepita anampima kwa macho kisha anamwambia bei.

"Mkimbizi, umefika," alisema bila kuinua kichwa. "Nilidhani wameshakurudisha kwenu."

"Mpagazi, weka mzigo chini," Godeliva akajibu. "Nina maneno."

Akamweleza. Kadiri alivyoeleza, randa ilizidi kwenda polepole, mwisho ikasimama katikati ya ubao. Luhende alikaa juu ya jeneza ambalo halijapigwa vanishi.

"Nilidhani ni Stela," alisema.

Stela alifumba macho. Maana mwaka uliopita, akiwa likizo, alimpigia Luhende simu kwa namba ngeni, akabana sauti, akajitambulisha kuwa mkaguzi wa majeneza kutoka wizarani. Alimwambia majeneza yake ni mafupi, marehemu wamelalamika. Luhende alijitetea karibu nusu saa, akataja mpaka urefu wa marehemu mmoja mmoja, ndipo akasikia kicheko cha familia nzima nyuma. Tangu siku hiyo alikuwa anangoja simu ya pili ili alipize.

"Sauti nzuri vile, ya kizungu-kizungu, inaniuliza kama namfahamu Godeliva," alisema. "Nikasema leo kaingia. Nikampa yote. Mwishoni ananishukuru kwa ushirikiano, nikasema huyu mtoto siku hizi ni hodari, hata hacheki." Akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Nitakwenda mahakamani. Nitawaambia. Nani hajui utani katika nchi hii?"

Waliporudi nyumbani, bibi Manirambona, ambaye sasa alikuwa mtu wa kitandani zaidi kuliko wa kitini, alitaka kujua kwa nini Luhende hajaja kumtukana. Yeye na Luhende walikuwa na ahadi. Siku yake ikifika, Luhende ataruka kaburini kama alivyomrukia mumewe. "Mimi utaniuliza kibali?" bibi alikuwa anamwambia. "Wewe?" Luhende alikuwa anajibu. "Wewe nitakudai mpaka cheti cha ubatizo na picha nne, mbili umenuna." Bibi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Ilikuwa ndiyo dawa yake, na haikuwa na masharti ya kula kwanza.

Wiki iliyofuata Vedasto aliwaita wote watatu ofisini kwake kwa mazoezi ya ushahidi. Ni mtu mzuri Vedasto, anajua sheria, na alikuwa hatozi chochote mpaka kesi iishe. Alimsimamisha Luhende mbele ya meza, akamwambia ajifanye yuko kizimbani. Luhende alikuwa amevaa koti lake la misibani. Hakuwa na lingine.

"Je, mlalamikaji ni mkimbizi?" Vedasto aliuliza kwa sauti ya wakili wa upande wa pili.

"Mkimbizi haswa," Luhende akajibu papo hapo. "Tena wa miguu minne."

Godeliva akatoa kicheko puani. Stela akageukia dirishani.

"Mzee," Vedasto alisema, "ukijibu hivyo tumekwisha."

"Imenitoka tu. Nimeizoea. Uliza tena."

Akaulizwa tena. Luhende akalinyoosha koti lake. "Huyo ni ndugu yangu. Utani wetu ulianza siku ya kumzika—"

"Hapana," Vedasto akamkata. "Mzee, nisikilize. Ukianza habari ya utani tutalala huko. Wakili wao atakuuliza: Wanyamwezi na watu wa Burundi walitaniana lini? Utani huu umeurithi kwa nani? Umeandikwa wapi? Watamleta mtaalamu wa mila kutoka chuo athibitishe kwamba haupo. Tutajikuta tunabishania kama familia ya mama ina haki ya kutukanwa. Njia fupi ni moja. Sema ulidanganya. Msafara Fedha wakategemea uongo bila kuuchunguza, wakati cheti kiko mezani. Hapo tunashinda. Maneno ni mawili tu: nilidanganya, yeye ni raia. Basi. Usicheke, usitanie, usimwangalie yeye. Mwangalie hakimu."

"Lakini sikudanganya," Luhende alisema.

"Ulisema ni mkimbizi. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Basi ulidanganya."

Luhende alikuwa na sura ya mtu aliyeonyeshwa hesabu iliyo sawa, na ambayo hata hivyo imemwibia.

"Sawa," akasema.

Akasimama wima, mikono kwenye mapaja kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Akamtazama Vedasto, yaani hakimu. "Nilidanganya," alisema. "Yeye ni raia."

Sauti haikuwa ya puani. Godeliva alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo, na alimjua mtu huyu tangu wote wawili wana meno kamili. Ilikuwa sauti ya heshima. Ilikuwa ile ile ambayo watu walikuwa wakiwasalimia nayo wazazi wake miaka ile ya kwanza, kabla ya kaburi la Tarsisi.

"Vizuri sana," Vedasto akasema. "Tena."

"Nilidanganya. Yeye ni raia."

"Usimwangalie yeye."

"Nilidanganya. Yeye—"

"Inatosha," Godeliva akasema. Alikuwa ameshasimama. "Kesi naiacha."

Vedasto aliweka kalamu chini. Alieleza, kwa utulivu, kwamba kesi ni ya ushindi, kwamba ushindi wenyewe utawasaidia wengi, kwamba mzee yuko tayari. Luhende naye akaunga mkono. "Acha niseme, Godeliva. Ni maneno tu. Mimi maneno yananipungukia nini?"

"Hayo yatakupungukia," Godeliva alisema.

Walipofika nje, Stela aliongea taratibu, na afadhali angepiga kelele.

"Umechagua, mama."

"Mwanangu—"

"Sikulaumu. Yeye anakuita mkimbizi, unaona uko kwenu. Mimi wananiita hivyo hivyo, nami natafuta kwetu sipaoni. Leo palikuwa papatikane kwa hakimu, ukaniambia hapana, mpagazi atakosa raha." Akafunga mkoba wake. "Niko shuleni kama mkinihitaji."

Akapanda gari la kurudi kituo chake cha kazi bila kupitia nyumbani kumuaga bibi.

Mnunuzi wa asali hakungoja. Akaenda kwa watu wengine, wenye akaunti. Godeliva akauza ndoo zake kwa walanguzi, kwa kopo la rangi, na mlanguzi akabonyeza kidole mle ndani akasema asali yenyewe imeanza kuganda, kwa hiyo bei ishuke. Ikashuka. Kwenye mfumo wa Msafara Fedha jina lake limebaki palepale na utata wake. Siku moja alipita mbele ya ofisi yao, na mlinzi akamwambia karibu.

Haya yote Godeliva angeyabeba. Alikuwa amejihesabia hasara zake akiwa bado ofisini kwa Vedasto, na upande wa pili aliweka kitu kimoja tu: kwamba Luhende atabaki Luhende. Ndicho alichokinunua kwa bei yote hiyo.

Luhende alipoleta mizinga mipya, alisimama nje ya uzio akabisha hodi. Miaka yote alikuwa anaingia moja kwa moja jikoni akifunua sufuria.

"Habari za asubuhi, Mama Stela."

"Mpagazi, leo umekuwa mwinjilisti?" Godeliva akamchokoza. "Ingia uibe kitu."

Luhende akaangalia kwenye kigoda, pale simu ya Godeliva ilipolala ikimulika. Aliiangalia kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua.

"Salama tu," alisema. "Mizinga niiweke wapi, mama?"

Godeliva akaizima simu. Akaitoa na betri, akavitenganisha juu ya kigoda ili Luhende avione. Luhende aliona, akaelewa, na kwa muda mfupi mdomo wake ulifunguka na kile kidevu kikainuka kama zamani. Godeliva akangoja. Halafu kidevu kikashuka. "Nina jeneza la mtu linanisubiri," Luhende alisema, akaondoka, na hata hakumpima kwa macho.

Bibi Manirambona alifariki mvua zilipoanza. Siku zake za mwisho alikuwa anauliza, yule mpagazi vipi, amekufa kabla yangu? Wakamwambia ana kazi nyingi.

Makaburini watu walijaa. Stela alikuja, akasimama kando ya mama yake, wakashikana mikono bila kuangaliana. Jeneza alilichonga Luhende, zuri kuliko yote aliyowahi kuchonga, na alikuwa amesimama karibu na shimo akiwa na koti lake lile. Kila mtu alijua kinachofuata. Habari ya kaburi la Tarsisi ilikuwa imesimuliwa Ulyankulu nzima, na waliokuwa hawajazaliwa siku ile walikuwa wamekuja kuiona ya pili. Katekista alimaliza sala, akarudi nyuma hatua kadhaa kumpisha mtani. Vijana wakainua simu zao wapate picha vizuri.

Luhende akaziangalia zile simu. Zilikuwa nyingi, zimeinuliwa juu ya vichwa kuzunguka shimo lote.

Hakuruka. Alisimama, kofia mkononi, mpaka watu wakaanza kukohoa. Godeliva aliuachia mkono wa Stela. Akavua kiatu chake, akasogea mpaka ukingoni, akakishika tayari kama muhuri.

"Mpagazi," alisema, na sauti yake ilikuwa inaomba, "mbona huulizi kibali?"

Luhende akamtazama yeye kidogo, kisha akakumbuka, akamtazama katekista.

"Mama yetu ni raia," alisema. "Ateremshwe."

Wakamteremsha. Godeliva alibaki amesimama na kiatu mkononi, mguu mmoja kwenye udongo wenye maji, mpaka Stela alipokichukua kile kiatu, akainama, akamvisha.